UZI: Unaongea Kirusi cha nyumbani lakini hujui kukisoma? Anzia ulipo, usianzie pale anapoanzia mgeni

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Habari za wakati huu wakuu.

Uzi huu ni wa kundi dogo, ila najua tupo: watoto wa Watanzania, Wakenya, Waganda na Warundi waliopata nafasi za masomo Urusi ya Kisovieti, wakarudi na shahada mkononi na mchumba pembeni. Mama anakuita mezani kwa Kirusi, anakugombeza kwa Kirusi, ukiugua anakubembeleza kwa Kirusi. Nawe unamjibu bila kufikiri. Siku ukishika gazeti au chupa ya dawa kutoka kwao, unageuka mtu asiyejua kusoma.

Sababu inajulikana. Tulisoma shule za hapa, Kiswahili na Kiingereza, basi. Mama alikuwa kazini, baba alikuwa kazini, hakuna aliyetukalisha na букварь, kile kitabu cha herufi cha mtoto wa Kirusi. Ukubwani mtu anaamua ajifunze, anapakua programu kwenye simu, na programu inaanza kumfundisha kusalimia na kutaja jina lake. Vitu alivyovijua akiwa bado anatambaa! Asichokijua hakiguswi mpaka anachoka na kuacha.

Nimepita njia hii, sasa nasoma, na nina hamu kubwa wengine mpite. Hoja yangu ni moja: sisi mtaji wetu ni sikio. Mgeni anapoliona neno jipya ana kazi tatu, alisome, alitamke, atafute maana. Sisi tukishalitamka kwa sauti, maana inakuja yenyewe. Kwa hiyo kila hatua ya kusoma ipitie mdomoni kwanza. Soma kwa sauti. Hata ukiwa ndani ya daladala, soma kwa kunong'ona.

Herufi ni 33 na hazitishi. А, К, М, О, Т unazijua tayari, sura na sauti ni zile zile. Zinazosumbua ni zile zenye sura ya herufi zetu na sauti nyingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u, Х ni kh kama ya kheri inavyotamkwa pwani. Anza na hizo, wala usianze na zile ngeni kabisa kama Ж au Щ. Ngeni hazikudanganyi, macho yanajua hayazijui. Hizi sita ndizo zinazokukwamisha kila mstari.

Na usizisome kama orodha. Chukua mwili wako: НОС, РОТ, УХО, РУКА. Jicho la Kiswahili litataka kusoma "hoc" na "pot". Litamke taratibu, n-o-s, na sikio litakuambia lenyewe kwamba ni pua. Kisha r-o-t, mdomo. U-kho, sikio. Ru-ka, mkono. Hapo hapo umeshasoma maneno manne na hukufungua kamusi. Hakuna mgeni anayeweza hivyo siku ya kwanza.

Я, Ю, Е, Ё ni ya, yu, ye, yo. Zikikaa baada ya konsonanti zinailainisha, kama tunavyosema ny kwenye "nyama". Ndiyo maana нет unaisikia nyet. Ile ь ndogo haina sauti yake, kazi yake ni kulainisha konsonanti inayoitangulia: брат ni kaka, брать ni kuchukua. Ulizisikia tofauti maisha yako yote, sasa unaona tofauti hiyo inaandikwaje.

Herufi zitakuchukua muda mfupi. Sehemu ngumu inafuata, na hapo ndipo wengi wanapoachia. Nitaandika kwenye posti inayofuata, hapa pananogea ila wateja wameingia dukani.

Kipanga_Ilala

Nimekaa siti ya mbele. Mama ni mtu wa Minsk. Kirusi naongea kama maji, kusoma sifuri. Endelea dada.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Nimerudi.

Kiswahili kimetuzoesha vizuri sana: neno linaandikwa linavyotamkwa. Ukijua herufi umejua kusoma. Kirusi hakiko mbali na hapo lakini kina mtego mkubwa, mkazo. Irabu yenye mkazo inasikika kamili. Isiyo na mkazo inafifia, na o isiyo na mkazo inageuka a. Mama anasema "malako", kwenye pakiti imeandikwa молоко. Anasema "kharasho", imeandikwa хорошо. Mji wenyewe anauita "Maskva", wameandika Москва. Mgeni hujifunza o halafu anaambiwa aigeuze. Sisi tunatoka upande wa pili: tunayo a sikioni na jicho linaona o, tunaanza kudhani hilo ni neno tusilolijua.

Dawa yake: neno likikugomea, lisome kama lilivyoandikwa, kisha lirudie haraka ukiupeleka mkazo kwenye kila silabi kwa zamu. MO-loko. Mo-LO-ko. Molo-KO. Ya tatu italia kengele. Mgeni hawezi kufanya jaribio hili kwa sababu zote tatu kwake ni sawa.

Mitego mingine michache ya kukariri mapema, maana utaikuta kila ukurasa. -ого ikiwa mwisho wa kivumishi husomwa "ovo", na его ni "yivo", сегодня ni "sivodnya". Что ni "shto". Konsonanti ya mwisho hupoteza ngurumo yake: хлеб unaisikia "khlyep", друг unaisikia "druk". Kwenye солнце ile л haisikiki kabisa, na kwenye здравствуйте ile в ya kwanza humezwa. Na ё, vitabu vingi vya wakubwa huiandika е tu, bila nukta. Vitabu vya watoto na kamusi ndivyo vinavyoziweka.

Maandishi ya kwanza nayo ni muhimu. Tafuta unayoyajua kwa moyo. Karibu kila mama wa Kirusi amemsimulia mwanawe hadithi ya babu aliyepanda репка, zao linalofanana na figili nene, likawa kubwa mno asiweze kuling'oa. Babu akamwita bibi, bibi akamwita mjukuu, mjukuu akamwita mbwa, mbwa akamwita paka, paka akamwita panya. Sentensi ni ile ile, kila mara inaongezeka mvutaji mmoja. Ukiisoma unakuwa unajua neno linalofuata kabla hujaliona, na jicho linajifunza kulifuata sikio. Ukifika kwa panya umeshaliona neno бабка mara nyingi kiasi kwamba hulisomi tena herufi kwa herufi, unalitambua kwa umbo lake. Huko ndiko kusoma kwenyewe.

Kingine: mwambie mama aache kukuandikia ujumbe kwa herufi za Kilatini. Nyumba nyingi zina tabia hiyo, "privet, kak dela", kwa sababu simu za zamani hazikuwa na herufi za Kirusi. Mwombe aandike kwa herufi zake. Orodha ya sokoni. Kumbusho la dawa. Maandishi yatakayokufikia kila siku na ambayo huna budi kuyajibu.

MzeeWaPodfak

Vijana, nawasoma kwa furaha. Mimi nilikuwa huko miaka ya 70. Kila mgeni wakati ule alianza mwaka wa kwanza kwenye подфак, kitivo cha matayarisho, kazi ikiwa Kirusi tu, asubuhi hadi jioni. Chuo cha Urafiki wa Watu cha Moscow kilifunguliwa 1960, mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba, ila wengi wetu tulipelekwa miji mingine: Kiev, Kharkov, Tashkent, Voronezh, Leningrad.

Binti, nina jambo la kukupinga. Unasema sikio, sikio. Sisi walitupa sarufi tangu wiki ya kwanza. Hali sita za nomino, падежи, kila moja na miisho yake. Bila hiyo mtu anasoma kama kasuku. Watoto wetu hawa, wanangu wakiwemo, wanaongea haraka kuliko mimi lakini miisho wanaimumunya. Mwanangu hajui kama ni в школе au в школи. Atasomaje kitabu cha maana?

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Karibu sana kwenye uzi, na asante kwa kuja na jambo lenye uzito.

Hapo kwenye miisho uko sahihi kabisa. Isipokuwa mimi naiona kama sababu ya kumsomesha kijana mapema, badala ya kumchelewesha mpaka akariri majedwali. Miisho hiyo anaimumunya kwa sababu haina mkazo, masikio yake hayajawahi kuisikia wazi. Mahali pekee pa kuiona wazi ni kwenye karatasi. Akiona в школе, в доме, в городе ukurasa baada ya ukurasa, e inamkaa. Sarufi anayo tayari, ina matundu tu, na kusoma ndiko kunakoyaziba. Jedwali la hali sita nakubali alipewe, lakini baada ya kusoma hadithi kadhaa, ili kila mwisho kwenye jedwali umkumbushe sentensi aliyokwisha kuisoma. Ninyi mlipewa jedwali kwanza kwa kuwa hamkuwa na sentensi hata moja kichwani.

MzeeWaPodfak

Marahaba binti. Nimekuelewa, na kwa kijana wangu huenda ikafaa kuliko nilivyomfanyia.

Basi niwaongezee silaha moja tuliyopewa na walimu, ambayo watoto wa Kirusi nao hufundishwa darasani. Ukiwa na shaka kuhusu irabu isiyo na mkazo, tafuta neno la ukoo huo huo ambalo mkazo umeangukia hapo. Вода unaisikia "vada". Iweke kwenye wingi, воды, mkazo unahamia mwanzoni na o inasikika wazi. Kwa hiyo andika о. Konsonanti ya mwisho vivyo hivyo: хлеб inasikika p, lakini ukisema хлеба, b inatoka. Wanaita проверочное слово, neno la kukagulia. Yapo maneno yasiyokaguliwa, kama собака na карандаш. Hayo mnakariri.

Nikifikiria sasa, kanuni hii ni rahisi kwenu kuliko ilivyokuwa kwetu. Mimi nililazimika kwanza kuujua wingi wa вода. Ninyi mnao tayari.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Mzee, posti yako hiyo ningeweza kuibandika juu ya uzi ningeibandika.

MwanaMvita

Assalaam alaykum. Mimi Kirusi sina, nimevutwa na mada tu. Nikisoma nimeona kwamba sisi wa pwani tuna kinyume chake. Nilipelekwa chuoni mdogo, nikaanza na alifu, be, te, nikapanda juzuu kwa juzuu mpaka nikahitimu Kurani. Nasoma Kiarabu chochote ukinipa chenye irabu zake. Kuelewa, kidogo sana. Ninyi mnaelewa na hamsomi.

Ila nimepata swali. Kwetu mwanafunzi anasoma maandishi yenye fataha, kasira na dhuma juu na chini ya herufi. Gazeti la Kiarabu halina hizo, msomaji anazijaza mwenyewe. Huo mkazo wa Kirusi, unaandikwa?

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Waalaykum salaam kaka. Umepiga pale pale. Vitabu vya watoto wadogo, vitabu vya wageni na kamusi huweka kialama juu ya irabu yenye mkazo. Gazeti, riwaya, tangazo la barabarani, hakuna. Msomaji anaujaza mwenyewe kwa kuijua lugha. Замок ukiusoma ЗА-мок ni kasri, ukiusoma за-МОК ni kufuli. Мука ikiwa na mkazo mwanzoni ni mateso, mwishoni ni unga. Anayetuambia ni sentensi nzima.

Na ndiyo maana nang'ang'ania sikio. Mtu aliyelelewa na lugha, mkazo anao. Mgeni hutumia miaka kukariri mkazo wa kila neno, na bado anakosea. Kwa neno usilowahi kulisikia nyumbani, tovuti ya gramota.ru inaonyesha mkazo, bila malipo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: vitabu vyenye alama za mkazo vitumie kidogo, kisha viache. Ukivizoea sana unalisahau sikio lako.

NyarKisumo

Hamjambo wenzangu. Mimi niko Kisumu. Baba ni daktari, alisomea Kharkov, na akarudi akafanya kazi ile hospitali yetu iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti ambayo watu hapa hadi leo huiita Russia. Mama huongea Kirusi, lakini nyanya, mamake mama, aliandika barua nyingi na nikijaribu kuzisoma kuna herufi ambazo haziko kwa hizo 33 zenu. Kuna i yenye nukta, tena nyingine ina nukta mbili. Nimeuliza rafiki mmoja akasema pengine ni Kirusi cha zamani kabla ya mageuzi ya 1918. Lakini barua ni za miaka ya 80!

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Dada, hizo ni barua za Kiukreni, au Kirusi kilichochanganyika na Kiukreni. Rafiki yako ana sababu ya kufikiri hivyo, kwa kuwa i yenye nukta ilikuwepo kwenye Kirusi na mageuzi ya tahajia ya 1918 yakaiondoa pamoja na ѣ na nyinginezo. Lakini ï yenye nukta mbili, є na ґ ni za Kiukreni, na i yenye nukta inatumika huko mpaka leo. Kinyume chake, Kiukreni hakina ы, э, ё wala ъ. Ukikuta ukurasa mzima hauna hata ы moja huku і zimejaa, umepata jibu.

Angalia na hili: и ya Kiukreni haisomwi i kama ya Kirusi, inakaribia ы. Na г yao inatoka kooni, ni laini, karibu na gh yetu ya "ghali" au hata h. Huenda mama yako anaitamka hivyo hata akiongea Kirusi. Watu wa kusini mwa Urusi wanayo pia, bibi yangu Voronezh alikuwa nayo, na mimi kwa muda mrefu nilitafuta herufi ya gh kwenye alfabeti.

Kaa na mama, mwombe asome barua moja kwa sauti huku unafuata kwa kidole. Mrekodi akisoma. Usingoje mpaka uweze kusoma peke yako ndipo uzifungue, maana anayeweza kukusomea yupo leo.

NyarKisumo

Asante sana. Nitafanya hivyo Jumapili. Tatizo lingine ni mwandiko. Hata mistari ambayo ni Kirusi kabisa siitambui. Herufi za mkono ni kama si zile za kitabu.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Hazifanani kweli. Herufi za mkono za Kirusi huungana zote, na baadhi hubadilika sura. т inakuwa kama m ya Kilatini. д inakuwa kama g. и inakuwa kama u. п inakuwa kama n. Neno папа kwa mwandiko linaonekana "nana". Hata kwenye vitabu, maneno ya mlazo hufuata sura hizo, kwa hiyo huwezi kuzikwepa. Halafu и, ш, л, м zikifuatana zinakuwa safu ya vijiti tupu na hujui wapi moja imeishia. Waandishi wengine wenye huruma hupiga mstari juu ya т na chini ya ш. Bibi wengine hawana huruma hiyo.

Njia ya kuusoma mwandiko ni kuuandika. Tafuta прописи, madaftari ya watoto wa darasa la kwanza yenye mistari ya mshazari, ufuatishe kwa kalamu. Mkono ukishajua kwamba л na м huanza na kikulabu kidogo chini, jicho linaanza kukitafuta kikulabu hicho, na vijiti vinajigawa. Huwezi kuyajua haya kwa kutazama tu.

Kipanga_Ilala

Dada mimi nimeanza. НОС РОТ УХО nimemaliza, hadithi ya репка nimemaliza, nimemsomea mama akacheka mpaka machozi. Sasa nimeshika gazeti la mtandaoni. Nakuta neno lina herufi 15. Nalitamka vizuri, lakini maana haiji. Sikio limekwama.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Hongera sana! Na umefika mahali ambapo hakuna anayetuonya. Kirusi chetu ni cha jikoni, kitandani na bustanini. Mama hakuwahi kukutamkia "mkuu wa nchi" wala "makubaliano". Ndiyo maana unatamka na maana haiji. Sikio halina kitu cha kukumbuka.

Lakini una silaha mbili.

Ya kwanza unaitoa kwenye Kiswahili. Wewe ukiona "hawatatuandikia" huogopi, unalivunja: ha-wa-ta-tu-andik-ia. Kirusi nacho kinajenga maneno kwa vipande: kiambishi, mzizi, kiambishi tamati, mwisho. Anayejua приходить, уходить, выходить, переходить anajua tayari при-, у-, вы- na пере- zinafanya nini: kufika, kuondoka, kutoka ndani, kuvuka. Chukua подготовительный, lile neno ambalo podfak ya mzee imetokana nalo. Katikati mna готов, tayari. Mama amekuuliza "Ты готов?" mara ngapi? Kitivo cha kuwafanya watu wawe tayari. Neno refu limeisha.

Kama baba yako alisomea uhandisi, mwombe зачётка yake, kijitabu cha alama za mitihani. Utakuta сопротивление материалов, somo la uimara wa vifaa, ambalo wanafunzi wote wa uhandisi huliogopa na kuliita sopromat. Ndani yake mna против, dhidi. Jinsi vifaa vinavyoshindana na mzigo. Alama nazo ni za kusoma: отлично ni 5, хорошо ni 4, удовлетворительно ni 3, na walimu huandika kwa mkato отл., хор., удовл. Kitabu kizima ni mwandiko wa mkono, na baba yupo wa kuuliza.

Silaha ya pili wachache huitaja, nami naipenda kuliko zote. Kirusi cha maandishi kilikopa sana kutoka Kislavoni cha Kanisa, lugha ya ibada. Mzizi mmoja ukapata sura mbili. Ya nyumbani ina -оро- au -оло-, ya vitabuni ina -ра-, -ла- au -ле-. Nyumbani unajua город, mji. Vitabuni ni град, kama Волгоград. Nyumbani голова, kichwa. Gazetini глава, mkuu: глава государства, mkuu wa nchi. Голос ni sauti, na гласный ni irabu. Короткий ni fupi, краткий ni fupi ya maandishi. Na молоко ya jikoni ikiingia darasa la baiolojia inageuka млекопитающие, wanyama wanaonyonyesha. Ukizoea kubadilisha hivyo, maneno mengi ya gazeti yanageuka kuwa ndugu wa maneno ya mama yako.

Kamusi tumia ya Kirusi kwa Kirusi ukiweza, hata ya watoto wa shule.

MwanaMvita

Kuhusu kamusi: marehemu ami yangu aliacha kamusi ya Kiswahili-Kirusi, imechapwa Moscow 1961, mhariri Olderogge. Ina faida kwa mtu kama Kipanga?

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Ina faida kubwa ikitumika kwa njia isiyo ya kawaida. Imepangwa kwa maneno ya Kiswahili, iliandaliwa kumsaidia Mrusi asome Kiswahili. Kwa hiyo huwezi kutafutia neno la Kirusi humo. Lakini fungua ukurasa wowote: upande wa kushoto maneno yote unayajua, na maana zake zimeandikwa kwa Kirusi. Unasoma Kirusi huku jibu lipo pembeni, tena kwa maneno yale yale ya ofisini na shuleni ambayo nyumbani hatukuyapata. Serikali, mkataba, uchumi, ushahidi. Soma kidogo kidogo. Na iwekee jalada, si kitu cha kutupwa kwenye boksi.

Mama_Wawili_Moshi

Naomba kuuliza. Mume wangu ndiye aliyelelewa na Kirusi, bibi yao bado anaishi nasi. Mtoto wa kwanza ana miaka mitano, anaelewa kila anachosema bibi. Shuleni wameanza kumfundisha kusoma. Bibi anataka kumfundisha herufi zake sasa hivi, mwalimu anasema atachanganyikiwa, tusubiri. Nifanyeje?

MzeeWaPodfak

Mama, usisubiri. Mimi nilisubiri. Mtoto akifika darasa la tano ana tuisheni, ana mitihani, ana wenzake, bibi hana nafasi tena.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Naungana na mzee. Kuchanganya kupo, ataandika В mahali pa V na Р mahali pa R kwa kipindi fulani. Ni herufi chache na zinajirekebisha kadiri anavyosoma. Watoto wa pwani wanasoma alifu be te asubuhi na a e i o u mchana tangu zamani, na wanamudu.

Nashauri tu mambo mawili. Bibi awe ndiye mtu wa herufi za Kirusi, na iwe kwenye kitabu chake na mahali pake, ili mtoto ajue akikaa pale herufi zinasema Kirusi. Na bibi asiitaje herufi kwa jina. Aitaje kwa sauti yake, "m" badala ya "em", vinginevyo mtoto anasoma "em-a-em-a" badala ya мама. Sentensi maarufu ya букварь bibi ataikumbuka mwenyewe, Мама мыла раму, mama aliosha fremu ya dirisha. Silabi zote ziko wazi, konsonanti na irabu, kama za Kiswahili. Mtoto anayesoma "mama" kwenye kitabu cha shule ataisoma hiyo pia.

Kipanga_Ilala

Swali la mwisho kutoka kwangu leo. Nataka kumjibu mama kwa maandishi. Kibodi nimeweka ya Kirusi kwenye simu, siioni ё wala ъ.

BintiWaVoronezh (mleta uzi)

Bonyeza е bila kuachia, ё itatokea juu yake. Bonyeza ь vivyo hivyo, ъ itatokea. Zima kwanza ile ya kukisia maneno, ili ulazimike kufikiria о au а mwenyewe, na ukikwama tumia neno la kukagulia la mzee. Mwandikie mama alichokupikia jana na ulivyokipenda. Yeye akirudisha na masahihisho, weka hapa maneno aliyokusahihisha, tuyachambue pamoja.